Betri za Barke

Lori zilikuwa zikipigiana honi kwenye lango la Kipevu siku Barke alipogongana na Nassor. Kikapu kilimponyoka, simu za upepo zikatapakaa chini, na betri moja ikateleza hadi uvunguni mwa trela. Nassor, kijana mtanashati mwenye shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi, alijitosa humo akatoka nayo. Kifua kizima kilikuwa grisi tupu.

"Shati jamani, kakangu!"

"Shati lafuliwa. Betri yafuliwa?"

Barke alijiziba mdomo kwa ukingo wa buibui asionekane akicheka. Kumbe huyo ndiye karani mpya wa kampuni yao ya kutoa mizigo bandarini.

Kazi ya Barke ilikuwa kuchaji betri, na kwa betri alikuwa bahili ajabu. "Ukishasema, zima!" aliwaambia wote. Simu zenyewe zilikuwa hafifu. Sauti ya Nassor kutoka kwenye makontena haikufika ofisini Changamwe, ila alimwambia Boga wa langoni, Boga akampasha Mzee Mwidani wa kwenye mizani, na Mwidani ndiye aliyemfikishia Barke. Basi mapenzi yao yakawa yanapitia vinywa vya watu wawili, na kila kauli ikifungwa kwa ova, yaani sasa sema wewe.

"Nassor asema sauti yako yamkosesha usingizi. Ova."

"Mwambie, ami, usingizi gani naye yuko kazini? Ova."

"Asema... la, mwanangu, hili silitamki. Nina wajukuu. Ova."

Ikafika Jumatano asubuhi. Babake Barke alikuwa amepokea posa kutoka Likoni, ya mwenye duka la vyombo, na jibu lilitakiwa Ijumaa. Barke alimpenda Nassor, wala hakuwa na haja ya kuidanganya nafsi yake. Akaishika simu.

"Ami, mwambie Nassor nimeposwa. Kama anitaka, alete wazee wake kabla ya Ijumaa. Ova."

Akazima, kama kawaida yake. Alasiri akawasha. Kimya. Akazima. Jioni akawasha tena, kimya kilekile.

"Amekimbia," alijiambia, machozi yakimdondokea juu ya chaja. "Mwanamume mzima kukimbizwa na neno wazee!"

Alhamisi asubuhi Mzee Mwidani aliingia ofisini, betri zimemjaa mikononi.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, lakini leo nina hasira. Mnyamazishe bwana wako! Jana mchana ni Barke, Barke, Barke! Kila akiita, mimi na Boga lazima tupitishe. Wewe umezima, hakuna wa kuitika, naye ndiyo azidi kuita. Yake ikafa, akaazima ya Boga, nayo ikafa, yangu ikafuata, zote kabla ya alasiri. Lori zimejaa mizanini na hatujui ipi ni ya nani!"

Barke alicheka na kulia kwa pamoja. "Kwani jibu lake ni nini?"

"Hasemi mpaka asikie uko hewani. Kakataa katakata."

Barke angeweza kwenda Kipevu mwenyewe. Lakini msichana aliyeletewa posa kumfuata mwanamume makontenani, Changamwe nzima ikitazama? Thubutu. Akampa mzee betri zilizojaa.

"Mwambie asiite kabisa. Adhana ya adhuhuri ikimalizika, tuwashe sote."

Adhana ilipomalizika, Barke aliibonyeza simu. "Niko hewani. Ova."

Neno likaenda. Akangoja, roho juu.

"Asema," Mwidani akakohoa, "wazee wake washatoka kwao Mjambere, sasa hivi wako kwa babako. Alitaka akuulize wewe kwanza, ila hukupatikana, na babake hana subira. Akuuliza sasa. Wamtaka? Ova."

Barke alisahau kwamba kuna watu wawili katikati.

"Namtaka! Wallahi namtaka! Na mwambie azime simu, anamaliza betri. Ova."

Neno likaenda, likarudi.

"Asema ashazima. Ova."

"Sasa kama kazima, ami, kasemaje? Ova."

"Mimi napitisha tu, mwanangu. Na Boga huko langoni analia kwa furaha. Ova."

Barke aliiweka simu mezani karibu na chaja. Mchana kutwa hakuizima, mpaka betri ikaisha yenyewe.