Spika za Marehemu Ottó

Tramu namba sita, saa za watu kutoka kazini, haina adabu hata kidogo. Watu wamebanana, mlango unabana mikoba, na aliyepata kiti anakodolea simu macho ili asimwone anayestahili kupishwa. Siku hiyo Bertalan, ambaye Budapest nzima inamwita Berci, alikuwa amejikalia dirishani. Akapanda mwanamke wa koti la rangi ya divai na skafu ya hariri ya manjano, amekumbatia kitu kikubwa kilichofunikwa blanketi, jasho linamtiririka. Berci akainuka.

"Karibu dada, kaa."

"Asante sana." Mwanamke akakiweka kile kitu kwenye kiti, mwenyewe akabaki amesimama.

Berci akakitazama kiti, kisha akamtazama yeye. "Nilikupisha wewe."

"Mimi nina miguu. Huyu hana."

"Na huyu ni nani, kama si siri?"

"Spika. Mgonjwa. Nampeleka kwa fundi."

"Yaani nimesimama kwa ajili ya spika?"

"Na amekushukuru. Hana sauti tu."

Berci akacheka mpaka mzee wa jirani akageuka. Walipofika kituo cha kushuka, aliibeba yeye ile spika, ingawa kituo chake kilikuwa kimeshapita.

Fundi alifungua kitambaa cha mbele, akagusa ule ukingo wa sponji unaoshika koni ya karatasi. Ukamomonyoka vidoleni kama keki kavu. "Na mwenzake?" aliuliza.

"Yuko nyumbani. Naye anakoroma," alijibu mwanamke, ambaye jina lake Ilka.

"Ukingo nitabadilisha. Ila siahidi sauti ya zamani. Hizi zimechoka, mama. Wengine huniambia nitengeneze, wengine hununua mpya. Uamuzi ni wako."

Ilka hakuamua. Alimshukuru, akafunika blanketi lake, akarudi nayo. Njiani akamweleza Berci kwamba spika zile alizinunua mume wake, Ottó, mwaka waliooana, na kwamba Ottó alishafariki. Berci akasema pole, na ilimtoka moyoni. Wakati huo ilikuwa rahisi, maana alikuwa hajaanza kupenda.

Mapenzi yakaja mbio. Ilka alikuwa mshonaji wa mavazi katika jumba la maigizo, na Berci akawa anampigia simu katikati ya kazi.

"Unashona nini, roho yangu?"

"Gauni la malkia. Malkia amenenepa, gauni halitaki."

"Mwambie malkia aje kwangu, nimempikia supu ya matunda ya cheri."

"Malkia ana mume. Mimi ndiye ninayetaka supu."

Majira ya baridi yalipoingia, Berci akahamia kwake, ghorofa ya tatu, katika nyumba moja ya zamani ambayo milango yote inatazama ua, na jirani anajua umepika nini kabla hujaonja. Wakapendana kweli. Lakini kila Jumapili baada ya chakula Ilka alifuta santuri kwa mkono wa blauzi yake nyeupe, akaweka sindano, na zile spika zikaanza kukwaruza kama kifuniko cha sufuria.

"Tununue mpya, mpenzi," Berci alisema.

"Tutaona."

"Basi zitengenezwe."

"Tutaona, Berci."

"Tutaona lini? Masikio yangu yanazeeka."

Kwanza ilikuwa mzaha. Baadaye ikawa mwiba. Berci alimwona Ilka amekaa katikati ya yale masanduku mawili, amefumba macho, akajiona mgeni katika nyumba anayoilipia umeme. Wivu juu ya mtu aliye hai, dawa yake inajulikana. Ukimwonea wivu marehemu, utampiga nani?

Kisha ikaja siku ya kutoa takataka kubwa. Sisi wa mji huu tunaijua: mara moja kwa mwaka mtaa mzima unatoa nje makochi, mazulia na majokofu, na kabla gari la jiji halijapita, waokotaji wameshafika na magari yao, wanaketi juu ya marundo kama kuku juu ya mayai. Ukishaweka kitu barabarani si chako tena, usilie.

Ilka akapiga simu kutoka kazini, pini zimejaa mdomoni. "Berci, toa vilivyoko ukumbini. Kiti kilichovunjika, lile zulia, vyote. Lazima nikate, malkia amefika."

Alichosahau kusema ni kwamba asubuhi ile, baada ya miezi yote ya tutaona, hatimaye alikuwa ameamua. Spika zitatengenezwa. Alizifunga kwenye blanketi lao na kuziweka ukumbini, tayari kwa fundi.

Berci akatoa kiti. Akatoa zulia. Akafika kwenye blanketi. Akalifunua, akaona ni zile spika. Ungekuwa wewe ungepiga simu, sivyo? Hata yeye alishika simu. Kisha akairudisha mfukoni, akafunika blanketi, akazishusha moja baada ya nyingine hadi barabarani. Alijiambia kwamba ametumwa.

Ilka aliporudi, hakuvua hata koti. "Spika ziko wapi?"

"Ulisema nitoe vilivyoko ukumbini."

Alishuka ngazi mbio na viatu vyake vya kisigino. Juu ya rundo alikuwa ameketi mwanamume mnene anakula mbegu za maboga. "Spika? Zimekwenda zamani, mama. Gari jeupe. Wanauza kule soko la mitumba, mwisho wa mji."

Ilka akapanda polepole. Mlangoni akamwambia Berci, bila kupandisha sauti, "Leo ukalale kwa dada yako."

"Ilka, mpenzi, ni masanduku tu."

"Nimekwambia ukalale kwa dada yako."

Berci alimpigia simu usiku ule, Ilka hakupokea. Alfajiri Berci alikuwa sokoni, anapita katikati ya taa, saa mbovu na medali za watu wasiojulikana. Aliiona moja imesimama kando ya baiskeli. Muuzaji akamwambia ile ya pili wameshaipasua, wametoa shaba na sumaku, iliyobaki ni mbao.

Berci akainunua ile moja. Akaibeba mpaka ghorofa ya tatu. Shangazi Terka, jirani wa mlango wa pili, alikuwa anamwagilia maua yake na hakusema kitu, jambo ambalo si la kawaida.

Ilka akafungua. Macho yamevimba, nywele hazijachanwa.

"Nimepata moja tu," Berci alisema. "Nyingine wameiua."

Ilka akaitazama spika, kisha akamtazama yeye. "Nijibu neno moja. Ulipozibeba, ulijua ni nini?"

Hapo angeweza kuponyoka. Spika zilikuwa zimefunikwa blanketi, amri ilikuwa yake Ilka. Berci akaweka spika chini.

"Nilijua. Nilifunua, nikaona. Hata simu nilishika nikuulize, nikaogopa utasema hapana. Nilitaka aondoke, Ilka."

Ilka akasogea pembeni, akamwacha apite.

Ilka aliiunganisha ile spika moja, akaweka santuri. Ni santuri ya zamani, ya enzi walipokuwa wakitenga vyombo upande mmoja na mwimbaji upande wa pili. Vinanda vikaja, vikikwaruza. Mwimbaji hakuja. Zamu yake ilipofika, palikuwa kimya, vinanda vikimngoja mtu aliyekwenda na lile sanduku lililopasuliwa. Ilka akafumbua mdomo, akaimba yeye. Sauti ndogo, inatetemeka, lakini kila neno analijua. Berci hakuwahi kumsikia akiimba. Akasimama na koti lake, machozi yanamshuka, haoni hata haya.

Wimbo ulipokwisha, Ilka akainua sindano. "Tutanunua mpya," alisema. "Nitazichagua mimi, wewe utazibeba. Bado nina hasira na wewe, usije ukadhani imekwisha."

"Naistahili. Lakini Ilka, ulizililia hivi, na sasa unataka mpya?"

"Sizililii hizo. Tangu tumzike mume wangu, watu wamenipa pole, wamenipa chakula, wewe umenipa mapenzi. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza alikuwa mtu wa namna gani. Nilikuwa na nani wa kumkumbuka naye, zaidi ya hizo?"

Berci akavuta kiti, akaketi mbele yake, akaishika mikono yake iliyojaa alama za sindano.

"Ottó," alisema, na jina lile lilimkwama kidogo, maana hajawahi kulitamka. "Nisimulie. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Ilka alimtazama kama anayempima. "Alikuwa mchokozi," akaanza, "na hakujua kuimba kabisa."