Alichokisema Anania Kabla ya Operesheni

Ezekia na Anania walikuwa wapasua mbao karibu na Makambako. Ezekia alisimama juu ya gogo, Anania alisimama chini shimoni, nao waliuvuta msumeno mmoja mrefu tangu asubuhi hadi jioni. Mwaka 1956 Ezekia alipata ngiri. Uvimbe ulijitokeza kwenye kinena kila alipofanya kazi nzito. Daktari wa hospitali ya misheni akampangia siku ya operesheni.

Wiki moja kabla ya siku hiyo, msumeno ulimponyoka Ezekia. Anania alipanda kutoka shimoni, akamkuta mwenzake amekaa chini. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelegea, mdomo umepinda, na maneno yake hayakueleweka. Baada ya muda mfupi hali hiyo ikaisha. Ezekia alisema ni uchovu tu. Akamwomba Anania asimwambie mtu, hata Anyisile, mke wa Ezekia, kwa maana aliogopa kunyimwa operesheni.

Siku ilipofika, Anania alimsindikiza. Muuguzi Konsolata alimuuliza Ezekia kama aliwahi kuishiwa nguvu upande mmoja wa mwili. Ezekia akajibu kwamba hajawahi. Anania alisogea karibu na muuguzi. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka kumi na mmoja, na hakuwahi kutoa siri ya mwenzake.

"Sista," alisema, "wiki iliyopita mkono wake ulilegea na mdomo ukapinda. Nilimwona kwa macho yangu."

Ezekia aligeukia ukutani.

Konsolata alimfunga kipimo mkononi, akakijaza hewa na kusikiliza. Shinikizo la damu lilikuwa juu sana. Akamwita daktari, na operesheni ikaahirishwa. Kisha akavuta kiti, akaketi karibu na Ezekia.

"Baba, ile ilikuwa dalili ya kiharusi," alisema. "Kiharusi hutokea damu inaposhindwa kufika sehemu ya ubongo, au mshipa unapopasuka ndani yake. Dalili zikiisha upesi, hatari bado ipo. Kama tungekupasua leo, ungeweza kupooza, au kufa. Ngiri yako haijanasa, uvimbe bado unarudi ndani. Inaweza kusubiri."

Alimweleza apunguze chumvi, aache tumbaku, na anywe dawa kila siku hata akijisikia mzima. Dalili zikirudi, asingoje ziishe, bali aletwe hospitali mara moja.

Nyumbani Ezekia alimweleza Anyisile yote, na tangu siku hiyo mboga ikapikwa kwa chumvi kidogo. Kila mara alipokwenda kupimwa, Anania alikwenda naye. Siku moja Ezekia alimwambia, "Ulisema neno lililonipasa kulisema mimi."

Baada ya miezi sita shinikizo lilikuwa limeshuka, na daktari akamfanyia operesheni. Alipozinduka, Konsolata alimwambia atabasamu, ataje jina lake, na ainue mikono yote miwili. Mikono ikapanda sawasawa. Kesho yake alisimama, akatembea taratibu mpaka mlangoni.

Kwenye kitanda cha pili alikuwa amelazwa Mzee Lameki, aliyekuwa akingoja kupasuliwa. Alimnong'oneza Ezekia kwamba mguu wake uliwahi kufa ganzi ghafla na ulimi ukawa mzito, lakini hakutaka daktari ajue.

Ezekia alijiinua polepole kitandani.

"Sista Konsolata," aliita, "njoo umsikilize mzee huyu kabla hawajamchukua."