Vikopo vya Mwisho wa Meza

Nyumbani walimwita Mapua. Jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kila asubuhi, kabla hajafumbua macho, alikuwa ameshanusa. Kitambaa cha jikoni kikilala na maji, alijua. Mdogo wake akifutia kamasi kwenye mkono wa shati, Mapua alihamia upande wa pili wa meza na chai yake.

"Wewe ungezaliwa bila pua ungepumzika," dada yake alimtania.

"Na wewe ungezaliwa nayo ungeoga," alijibu Mapua.

Likizo hiyo, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, alifuatana na shangazi yake kazini. Shangazi alitunza mimea katika kituo cha utafiti wa mpunga. Mkuu wake alikuwa mtafiti mmoja mwanamke ambaye watu walimwita Daktari wa Mpunga, maana wagonjwa wake wote walikuwa na mizizi.

Mapua aliijua vizuri sababu ya kazi ile. Msimu uliopita, mpunga wa bibi yake ulishikwa na ugonjwa wa majani. Majani yaliungua kuanzia nchani, na masuke yakatoka matupu. Bibi, aliyezoea kuvuna magunia kumi na tano, alivuna mawili. Sasa alisubiri mbegu mpya kutoka kituoni. "Na hii nayo ikiniangusha," alisema, "jembe nalitundika."

Jumatano asubuhi, Shangazi alimkabidhi Mapua rula, glavu na karatasi. Walisimama mlangoni mwa banda kubwa la nailoni. Ndani kulikuwa na meza mbili ndefu zilizojaa vikopo vya mpunga, moja imefungwa utepe mweupe, nyingine wa buluu.

"Wiki mbili zilizopita tulikata ncha za majani haya kwa mkasi uliochovywa kwenye bakteria wa ugonjwa," Shangazi alieleza. "Leo unapima kuoza kumefika wapi. Kila kikopo, jani moja, mpaka mwisho wa meza. Usiogope, bakteria hawa hawamdhuru mtu."

"Meza ya utepe mweupe na ya utepe wa buluu zina tofauti gani?"

"Kila meza ina mama yake. Watoto wa mama mweupe wote wamerithi jeni moja ya kinga. Wa buluu wamerithi nyingine. Jeni ni maelekezo yaliyo ndani ya mmea, kama yale yaliyokupa wewe pua ya babu yako."

Shangazi akaenda kumwagilia banda la jirani.

Karibu na mlango palikuwa na feni, na kazi ilikwenda vizuri. Majani ya meza nyeupe yalikuwa ya kijani safi, yameoza sentimita moja tu. Ya buluu yalikuwa na ncha za kahawia zilizokauka kama gaga la kidonda, sentimita tatu au nne. Mapua aliyapima huku midomo ameikunja.

Katikati ya banda mambo yakabadilika. Hewa ilikuwa nzito na ya moto, inanuka soksi zilizosahauliwa ndani ya begi. Hapo palisimama mstari wa mpunga usio na kinga, uliowekwa kwa ajili ya kulinganisha. Majani yake yalining'inia kama matambara, na kingoni yalitoa matone ya ute wa njano, mazito kama usaha. Mapua alijibana apite. Jani moja likamlamba mkononi, juu kidogo ya glavu. Lilikuwa la baridi na linanata.

Alitoka mbio hadi bombani, akajisugua mpaka ngozi ikawa nyekundu.

"Sirudi," aliapa. "Kwanza mama yao ni mmoja. Jeni ni moja. Ukimpima mmoja, umewapima wote."

Akaketi kivulini, akajaza nafasi zilizobaki. Nyeupe aliandika moja, mbili, moja. Buluu aliandika nne, tatu, nne. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kweli.

Daktari aliisoma karatasi ile, akatabasamu. "Mweupe ameshinda! Ijumaa tunawagawia wakulima wa majaribio. Bibi yako yumo."

Jioni ile Bibi alikuwa uani, anakung'uta gunia tupu la kuwekea mbegu. "Wengine watapanda kwa wasiwasi," alisema. "Mimi mbegu yangu imepimwa na mjukuu wangu mwenyewe, jani kwa jani."

Mapua alisukuma sahani yake. Alinawa mara tatu kwa sabuni, lakini alihisi kama lile jani bado liko mkononi. Safari hii kinyaa hakikutoka kwenye mpunga. Alijiona yeye mwenyewe ananuka.

Asubuhi, kabla Shangazi hajafungua banda, alimshika kanga. "Shangazi, sikupima vyote. Nilipima vya mlangoni tu. Vingine nilitunga."

Shangazi alirudisha ufunguo kwenye pindo la kanga. "Twende ukayaseme hayo mbele ya Daktari."

Daktari alisikiliza mpaka mwisho. Hakufoka, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Chukua rula," alisema.

Wakaanza upya, Mapua akitangulia. Waliupita ule mstari unaotoa ute. Machozi yalimtoka, lakini alipita. Mwisho wa meza nyeupe aliinua jani la kwanza, akaguna kwa kinyaa. Lilikuwa limeoza sentimita kumi na saba. La pili kumi na nne. Daktari alikata kipande, akakitumbukiza kwenye glasi ya maji safi. Kwenye sehemu iliyokatwa ukatoka ute mweupe, ukajikunja ndani ya maji kama moshi.

"Hao wote ni bakteria," alisema.

Kwenye meza ya buluu, mpaka kikopo cha mwisho, majani yalikuwa na zile zile ncha za kahawia. Nne, tatu, nne. Chini ya ncha yalikuwa ya kijani.

"Lakini weupe wote wana jeni ya kinga!" Mapua alisema.

"Kuwa na mbwa siyo kulindwa," Daktari alijibu. "Mbwa lazima aamke. Jeni nayo huwashwa na kuzimwa. Hii ya mweupe hufanya kazi penye ubaridi, pale kwenye feni. Huku kwenye joto imelala fofofo, na mwizi anakula nyumba nzima. Ya buluu huamka hata penye joto, pale tu mwizi anapogusa mlango. Hiyo ncha uliyoionea kinyaa ndiyo alama ya pigano. Mmea umemzuia hapo."

"Na shamba la Bibi lina jua kali kutwa," Mapua alisema polepole.

"Sasa unaona ungempelekea nini."

Ijumaa Bibi alipokea mbegu ya buluu. Mapua alimweleza yote mwenyewe, ameinamisha kichwa. Bibi akamkabidhi gunia alibebe.

Njiani kurudi nyumbani Shangazi alisema, "Sikulaumu kwa kuona kinyaa, mwanangu. Hata mimi kuna siku natapika. Ute unatoka kwa sabuni. Namba ya uongo ikishafika shambani kwa mtu, haina sabuni. Siku nyingine pua ikikataa, izibe. Macho usiyafumbe."

Miezi miwili baadaye Bibi alipiga kelele kutoka shambani. "Mapua! Majani yana vidonda!"

Mapua alikimbia na rula yake. Aliinama kwenye tope linalonuka, pua ameikunja kama kawaida, akapima jani. Akapima la mbali zaidi, na la mbali kuliko hilo, mpaka ukingo wa mwisho wa shamba.

Alirudi na matope hadi magotini. "Sentimita nne, Bibi," alisema. "Yote nimeyaona."