Gauni la Bluu Lililopunguzwa

Kisa hiki nilihadithiwa na shangazi wa fundi mmoja wa nguo, mwaka jana, asubuhi moja ya baridi, tukiwa kwenye benchi la kliniki. Sote wawili hatukuwa tumetia kitu tumboni, maana tulikuwa tunangoja kupimwa sukari. Njaa ilituuma, naye akaona heri tuidanganye kwa maneno. Nami nakupa kama alivyonipa.

Fundi alikuwa kijana wa cherehani, mrefu, shati limepigwa pasi likanyooka, sindano yenye uzi imechomekwa kwenye kola siku zote. Jioni moja alisimama kwenye foleni ya duka kubwa, watu wamejaa, vikapu vinagongana. Zamu yake ilipofika, msichana wa kaunta, waliyemwita Keshia, aliinuka kuchukua mfuko.

"Dada, pindo la sketi yako limefumuka."

Keshia akamkazia macho. "Na macho yako yalikuwa yanatafuta nini huko chini?"

"Mimi fundi, dada. Macho yangu hayana adabu, lakini yana kazi."

"Tongozaneni nje!" akapaza sauti mama mmoja huko nyuma. "Maziwa yangu yanachacha!"

Foleni nzima ikacheka. Fundi akaondoka kwa haya, mkate wake akausahau kaunta. Kesho yake Keshia akatokea kibandani kwake, mkate mkono huu, sketi mkono huu. "Chukua, mwenye macho."

Hapo penzi likaota. Fundi akamshonea gauni la bluu, la kubana kiuno, likamkaa kama maji ndani ya mtungi. Lakini haukupita muda mrefu, gauni likampwaya. Fundi akalipunguza, pini mdomoni, huku anacheka.

"Mpenzi, umekuwa modo kabisa! Hayo ni mapenzi yangu."

"Basi yaendelee," Keshia akajigeuza mbele ya kioo. "Kazini wote wananiuliza nakula nini. Na mimi nakula kama mchwa!"

Likapwaya tena, akalipunguza tena. Na tena.

Shangazi, aliyekuwa akiishi na Fundi na kumsaidia kushona vifungo, alimwona Keshia akimaliza jagi la maji peke yake. Keshia alipotoka nje, Shangazi akamvuta Fundi pembeni.

"Mwanangu, huyu anakula na anakonda, na kiu haimwishi. Mpeleke akapimwe sukari."

"Shangazi, usimwombee mchumba wangu maradhi! Sukari ni ya wazee na wanene."

"Haya. Asiyesikia la mkuu... mwisho wake unaujua mwenyewe."

Fundi hakumwambia Keshia hata neno moja la mazungumzo yale.

Jumapili moja akampeleka mgahawani, pete imo mfukoni. Chakula hakijaletwa, Keshia akainuka na mkoba wake na simu yake, akaenda nje. Akarudi, akanywa maji, akainuka tena. Na tena.

"Nani huyo?" Fundi akauliza.

"Nani yupi, laazizi?"

"Unayempigia huko nje. Kutwa unatoka na simu."

"Naenda msalani."

"Msalani? Wewe ni mtu au bomba bovu?"

Uso wa Keshia ukasawajika. Alikuwa ameona haya hata kumwambia kwamba usiku halali kwa kwenda haja ndogo. "Kumbe mimi muongo," akasema, akachukua mkoba, akaenda zake. Pete ikabaki mfukoni.

Wiki nzima kila mtu alinunia kwake. Kisha asubuhi moja Fundi akakuta mfuko umening'inizwa mlangoni pa kibanda, gauni la bluu ndani yake. Akaligeuza ndani nje. Akaona mshono, na mshono mwingine, na mwingine, kila mmoja umeingia ndani kuliko mwenzake. Akapitisha futi kiunoni, akahesabu inchi zote alizopunguza. Mteja mwingine angekonda hivyo, angemuuliza, "Unaumwa?" Huyu wake alimpigia makofi.

Akapiga simu. Ikaita hadi ikakatika. Akapiga tena.

"Unataka nini?" Sauti nzito, kama ya mtu aliyezinduliwa.

"Uko wapi?"

"Nyumbani. Wamenitoa kaunta, nilikosea chenji. Namba naziona mbili mbili. Natapika. Niache nilale."

"Usilale! Nakuja na Shangazi."

Hospitalini muuguzi akamtoboa kidole, akaweka tone la damu kwenye mashine ndogo. Mashine haikutoa namba.

"Imeharibika?" Fundi akauliza.

"Haijaharibika. Sukari imepita mwisho wa kipimo chake." Tayari anamwita daktari. "Ameanza kukonda lini?"

Fundi alilijua jibu kuliko mtu yeyote duniani. "Miezi sasa, dada. Nilikuwa naona."

"Unaona, na hamkuja kupima?"

Wakamwekea Keshia dripu na insulini. Daktari akawaambia kwamba vijana wembamba nao huugua kisukari, na kwamba huyu atajipima na kujichoma sindano kila siku ya maisha yake. "Mngemwacha alale leo," akasema, "huenda asingeamka."

Kesho yake alasiri Keshia alikuwa na nguvu ya kusema.

"Shangazi aliniambia," Fundi akaungama. "Mimi nikamnyamazisha. Nilidhani kukonda kwako ni sifa yangu."

"Hata mimi kioo kilinisifu nikakiamini. Hilo nimekusamehe. Lakini la bomba..."

"Nisamehe."

"Hilo litachukua muda."

"Na pete?"

"Nayo ingoje. Kwanza nyoosha kidole wakupime."

"Mimi siumwi kitu."

"Fundi mmoja naye aliniona hivyohivyo."

Basi Fundi, anayechomwa na sindano za kushonea kila siku, akafumba macho kwa kidole kimoja, akapiga yowe, wodi nzima ikacheka. Sukari yake ilikuwa sawa. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Keshia akapitiwa na usingizi. Shangazi naye akasinzia kitini. Fundi akatoa gauni, akaanza kulifumua pole pole, alirudishe lilivyokuwa. Uzi ulitoka, lakini matundu ya sindano yalibaki kwenye kitambaa, mstari kwa mstari. Akayasugua kwa ukucha. Hayakuondoka.

Muuguzi akapita, akampima Keshia bila kumwamsha. "Sasa mashine inasoma," akanong'ona. "Bado ni namba kubwa, lakini inashuka."

Fundi akaegemeza kichwa ukingoni mwa kitanda, gauni magotini, futi shingoni, akalala.