Ubeti wa Mwisho wa Chiriku

Pumzi ilikuwa moja zaidi. Fundi mitambo aliirudisha ile rekodi mara tatu, saa nne asubuhi, jua likiwa limejaa dirishani, na mara zote tatu alisikia kitu kilekile: Chiriku anamaliza wimbo, kinanda kinafifia, halafu mtu anavuta pumzi, kama anayejiandaa kuanza tena.

"Si ni yeye huyo?" alisema dada mtu, mkubwa wa Chiriku. "Alikuwa na pumzi nyingi mdogo wangu."

"Pumzi zake nazijua zote, dada. Nimezikata kwa mkono wangu miaka tisa. Hii ngeni."

Fundi alicheka kidogo, akaifuta ile pumzi, wakaendelea. Hawakuwa na muda wa kushangaa.

Chiriku alikufa na miaka ishirini na minane. Aliacha nyimbo zilizoimbwa mpaka na watoto wa chekechea, na binti wa miaka saba aliyeitwa Kidoti kwa ajili ya alama iliyokuwa shavuni mwake. Watu walidhani ameacha na mali. Dada mtu ndiye aliyeujua ukweli, maana ndiye aliyembebea mikoba, akampigia pasi magauni na kugombana na mapromota. Mkataba wa kwanza mdogo wake aliusaini akiwa na miaka kumi na tisa, anacheka, hajausoma, na nyimbo zote zikawa mali ya kampuni. Nyumba ilikuwa rehani benki. Kilichobaki chake hasa ni albamu moja ya muziki wa soul, aliyoirekodi kwa jasho lake mwenyewe: nyimbo kumi, na ule wa kumi haukuwa na ubeti wa mwisho kwa sababu alianguka kabla hajaufikia. Mnunuzi aliitaka kamili ifikapo mwisho wa mwezi. Bila hivyo dada mtu na Kidoti wangetolewa nje na magodoro yao.

"Nitaushona huo ubeti kwa maneno ya rekodi zake za zamani," alisema fundi. "Ila nahitaji mtu auimbe kwanza nijue unapita wapi. Wa kuongozea tu, nitamfuta baadaye. Wewe huwezi?"

"Mimi nikiimba majirani wanahama."

Kidoti aliuweza. Mama yake alikuwa akimwimbia ubeti ule kila alipomsuka. Basi wakamwingiza kwenye chumba cha kurekodia, wakamkalisha kwenye kiti cha mama yake, wakamvika visikilizio vilivyomfunika mpaka mashavuni. Fundi akamwashia ala.

Mistari miwili ya kwanza iliimbwa na mtoto. Wa tatu uliimbwa na Chiriku.

Dada mtu aliona midomo ya Kidoti ikicheza nyuma ya kioo, aliona miguu yake isiyofika chini ikibembea, na kwenye spika alisikia sauti ileile nzito yenye mkwaruzo iliyokuwa imezikwa miezi saba, ikipanda, ikijivuta, ikikaa juu ya neno moja muda mrefu kuliko kifua cha mtoto yeyote kingeweza kuhimili, huku chumba kikijaa harufu ya nywele zilizoungua. Fundi alikuwa amekishika kitufe cha kuzima lakini hakukibonyeza.

Wimbo ulipokwisha, Kidoti alitoka akivua visikilizio.

"Mama mkubwa, nimeimba vizuri?"

Aliuliza kwa sauti ya mama yake.

Siku nne zilizofuata dada mtu hakujua amlilie nani. Mtoto aliimba akila, aliimba akioga, na alipopewa maji alikunywa kikombe kizima, koo likipanda na kushuka, na sauti haikukatika hata nukta moja. Daktari alimmulika kooni, hakuona kitu, akaandika dawa ya kikohozi. Kidoti akaanza kukonda. Mashavu yalibonyea jinsi yalivyombonyea mama yake miezi ya mwisho, na siku ya nne asubuhi mto wake ulikuwa na damu. Damu hiyo dada mtu aliijua. Alishaifua sana kwenye foronya za Chiriku.

Akaenda kwa mama mmoja mshona sare za shule, ambaye watu walimfuata kwa mambo mengine kwa mlango wa nyuma. Mshonaji hakuuliza mengi. Alimpima Kidoti shingo kwa utepe wake, akaandika, akasubiri kidogo, akampima tena.

"Inchi kumi. Sasa hivi kumi na moja na nusu," alisema kwa sauti ya chini. "Humu wamo wawili, mdogo wangu."

"Ni mama yake?"

"Mama yake amelala, mwache. Huyu ni jini aliyekuwa akiimba kupitia kwake. Mwenyewe alimkaribisha, na alijua kumrudisha. Alikuwa anafanya nini akimaliza kuimba?"

Dada mtu alifikiri, akakumbuka. Kila baada ya kurekodi Chiriku alikuwa akiomba taa zizimwe, anaiinamia maikrofoni, anasema "imetosha" mara tatu, kwa upole, kama anavyoambiwa mtu anayekumiminia chai. Studio nzima waliyaona ni madoido ya wasanii. Siku aliyoanguka hakuwahi kuyasema.

Alimpigia fundi simu palepale. "Zile 'imetosha' zake bado unazo?"

Fundi akajibu: "Nilizifuta, dada. Zote. Mnunuzi alitaka rekodi safi, bila maneno ya pembeni. Nilimaliza asubuhi ileile ya ile pumzi."

Dada mtu akamkumbatia mtoto, akamwambia sikioni imetosha, imetosha, mpaka neno likakosa maana. Kidoti akacheka kicheko cha mtu mzima.

"Hakusikii wewe," alisema mshonaji. "Neno lilikuwa la mdomo wa mdogo wako, na mmeshalifuta. Sasa atatoka kwa njia moja. Apate koo jingine la damu hiyohiyo, limkaribishe lenyewe."

"Langu lipo."

"Sikiliza kwanza. Akishaingia, utafunga mdomo. Sisemi leo tu, ni maisha yako yote. Siku utakayotamka hata neno moja, atatoka nalo na atamrudia mtoto, maana njia ameshaijua. Na ule ubeti aliouimba ufutwe, hapo ndipo aliposhikia."

"Na nyumba je?" Aliona haya akiuliza. Mshonaji alikunja utepe wake.

Walikwenda studio wote watatu. Fundi aliposikia kufuta, alikaa mbele ya mitambo yake.

"Dada, nakuomba. Huu ndio ubeti bora aliowahi kuimba. Mnunuzi ameshausikia, amelia. Nyumba imepona, na jina lake halitakufa."

Dada mtu alimtaka aupige mara moja tu ausikie. Akausikiliza mpaka mwisho, machozi yakimtiririka, maana alimkumbuka mdogo wake kuliko siku zote na sauti ile ilikuwa yake kabisa. Kisha akamwangalia Kidoti aliyejikunyata sakafuni, damu ikimkauka pembeni mwa midomo.

"Futa," alisema. Hilo likawa neno lake la mwisho.

Fundi alifuta. Taa zilipungua nguvu, harufu ya nywele zilizoungua ikawazidi, na dada mtu akapiga magoti, akafungua mdomo mbele ya mdomo wa mtoto, naye Kidoti akaanza kutoa hewa, hewa ya moto isiyokwisha, iliyomwingia dada mtu ikimkwangua kooni na kumjaza kifuani mpaka mbavu zikamlia, na ndani yake akasikia watu wengi wakiimba kwa pamoja, na mmoja wao alikuwa mdogo wake akimsihi asimeze, lakini akameza, akakaza meno.

"Mama mkubwa," alisema Kidoti kwa sauti yake ndogo, "koo linauma."

Benki ilichukua nyumba wiki mbili baadaye. Wakahamia chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga, ambako dada mtu alipata kazi ya kufagia, kazi isiyohitaji maneno. Kidoti alinenepa, akarudi shule, akawa na marafiki. Dada mtu aliongea naye kwa mikono na kwa maandishi, na mtoto alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusoma. Mchana koo lilimwasha, likimsukuma afungue kidogo tu. Alilifunga kwa kitambaa na kuendelea kufagia.

Jioni moja Kidoti aliweka madaftari chini.

"Umenichukia kwa sababu nyumba ilichukuliwa?"

Dada mtu akatikisa kichwa kwa nguvu.

"Basi niite. Sema Kidoti. Mara moja tu."

Alimvuta ampakate, mtoto akajichomoa. Alisimama akimtazama mdomo, akisubiri, na dada mtu akauziba kwa mikono yote miwili.

Kidoti alisubiri kidogo tena. Kisha akaenda kulala, na tangu siku hiyo hakumwita tena mama mkubwa.