Lipu ya Vyoo vya Shule

Kila asubuhi akienda shule, Yola alitembea na mama yake mpaka kwenye kona ya duka la mikate, kisha akamwambia, "Nitamalizia mwenyewe, mama." Mama yake, Bi Casilda, alikuwa mwashi. Alivaa kofia ya ujenzi juu ya misuko yake miwili, na chini ya sketi alivaa suruali iliyokaukiwa na saruji. Yola alikuwa amewaambia wenzake wa darasa la saba kwamba mama yake anauza vitambaa sokoni. Uongo huo ulikuwa umefikisha mwaka, tena ulikuwa umenawiri.

Jumamosi moja ya Juni, wazazi wa mtaa wao pale El Alto, mji wa milimani ambako Juni ni mwezi wa baridi kali, waliitwa kumalizia kujenga vyoo vya shule. Aliyejipa usimamizi ni Fundi Severo, baba yake Roxana aliyesoma darasa moja na Yola, mtu wa kitambi na sauti kubwa. Alikuwa amejenga miaka mingi huko mabondeni kwenye joto, na sifa zake hazikupungua hata siku moja. Kazi yake ilikuwa jambo jingine.

"Wewe mama, jiko liko kule," alimwambia Bi Casilda. "Viazi havijamenywa."

"Vya kwangu nimeshamenya nyumbani. Nipe mchanga nichanganye."

Wanaume wakacheka. Kuchanganya wakamwachia, maana hiyo ndiyo kazi ya kuvunja mgongo.

Saa kumi jioni, Severo akaanza kupiga lipu ukuta wa nje. Yola na Roxana walikuwa hapo karibu wakiteka maji. Bi Casilda akasogea. "Fundi, huku kwetu mwezi huu lipu inapigwa asubuhi, halafu inafunikwa kabla jua halijatua. Hiyo itaganda usiku, kesho yote iko chini."

"Mimi nimejenga maghorofa. Wewe umejenga nini, kichuguu? Anayeogopa baridi akalale na watoto."

Roxana akamgusa Yola. "Huyo mwanamke wa suruali ni nani? Mbona anakuangalia?"

"Simjui," Yola akajibu. "Labda wamemkodi."

Bi Casilda alikuwa hatua mbili tu kutoka pale. Aliweka ndoo chini, akanawa mikono kwa maji ya baridi, akaenda zake.

Jumapili asubuhi lipu ilikuwa imelala chini vipande vipande, na iliyobaki ukutani ilidondoka ukiigusa kwa kidole. Severo alilaumu saruji. Kisha akalaumu upepo. Alipoishiwa akamnyooshea kidole Bi Casilda, aliyekuwa amerudi kazini na wengine.

"Ni huyu aliyechanganya. Nilijua tu, mwanamke kwenye ujenzi ni nuksi. Atolewe, asiguse tena jengo la shule."

Baadhi ya wazazi wakaitikia kwa vichwa, wale wale waliosikia onyo kwa masikio yao. Watu wazima na ndevu zao. Mwalimu mkuu, Bwana Apaza, akauliza kama kuna mwenye neno kabla mama huyo hajaondoka.

Yola akasogea mbele. "Mimi nilisikia, mwalimu. Alimwambia fundi asipige lipu saa kumi, kwamba itaganda. Fundi akamcheka."

"Wewe yanakuhusu nini?" Severo akafoka.

"Ni mama yangu."

"Si ulisema anauza vitambaa?" Roxana akauliza.

"Nilidanganya. Mama yangu ni fundi."

Bwana Apaza akamkabidhi Bi Casilda kazi yote. Severo akakumbuka ghafla kwamba ana mgonjwa nyumbani, akaondoka bila kumwangalia mtu. Wengine wakabandua lipu mbovu, wakapiga mpya, na saa nane ukuta mzima ulikuwa umefunikwa turubai. Jumatatu asubuhi walipofunua, lipu ilikuwa imeshika vizuri.

Yola alitegemea kusifiwa. Mama yake aliendelea kukwangua saruji kwenye mwiko wake.

"Umesema kweli, ahsante," alisema hatimaye. "Lakini juzi nilikusikia. Nami kilichoniuma si Severo. Severo alinidharau kwa sababu hanijui. Wewe unanijua."

Yola akalia. "Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Ila sikiliza, mwanangu. Anayedharau kazi asiyoijua ni mjinga, na ujinga unafundishika. Anayeionea aibu kazi inayomlisha hana wa kumfundisha, atajirekebisha mwenyewe. Haya, nenda darasani. Wakikuuliza mama yako anafanya kazi gani, waambie."