Panya Majike wa Joash

Joash Ogola aliingia soko la Nakuru miguu ikimuuma, shati la kazi limelowa jasho, akaagiza kabeji ishirini. Muuzaji, binti wa gauni la buluu na kitambaa cheupe kichwani, alimkazia macho.

"Una wake wangapi nyumbani, ndugu?"

"Sina hata mmoja. Nalisha panya wa maabara."

Alicheka mpaka akashika meza. Aliitwa Cherono, na tangu hapo Joash hakununua kabeji kwa mwingine.

Jioni moja mwaka 1956, wakitembea kuelekea mtaa wa Bondeni, Joash alimsimulia kazi yake. Dawa mpya ya homa ilijaribiwa kwa panya madume tu. Majike waliuawa wangali wachanga, kwani daktari wa maabara alisema miili yao hubadilika-badilika na kumvurugia hesabu.

"Kwa hivyo watakaoinywa ni wanaume peke yao?"

"Ni watu wote, mpenzi. Wataanza na wachumaji wa maua ya pareto kule mashambani."

"Mama yangu anachuma pareto, Joash."

"Mimi ni mlisha panya tu. Nimechoka, Cherono."

"Basi nenda ukachokee kwenu."

Majuma matatu Cherono alimuuzia kabeji bila neno. Joash naye alificha majike kumi na wawili chumba cha nyuma, akawakuza, kisha akawapa dawa kwa kipimo kilekile cha madume. Madume walikuwa wazima. Majike saba walikufa. Aliwapanga mezani kwa daktari, na karatasi ya hesabu zake kando.

Daktari aliisoma mara mbili. Akasimamisha safari ya kupeleka dawa mashambani, akaamuru majike nao wafugwe na kupimwa. Kisha akamfukuza Joash kazini na katika chumba cha wafanyakazi kwa kuchukua dawa bila ruhusa.

Joash alifika sokoni na sanduku lake la nguo, akamweleza Cherono yote.

"Na mama?"

"Hatapewa. Mpaka kwanza wajue kipimo cha wanawake."

Cherono akamsogezea gunia. "Keti. Umekonda."

"Sina kazi, sina hata pa kulala."

"Kwa kaka yangu kuna kitanda. Jumamosi twende kwa mama."

"Nikamwambie nini?"

"Kwamba unataka kunioa. Au hutaki?"

"Nataka," alisema Joash, macho yakijifumba.

Akaegemea bega la Cherono, akalala palepale. Cherono aliendelea kuuza kwa mkono mmoja.